Kamba Isiyokatika

Kazi yangu ni kuharibu vitu, na nalipwa kwa hiyo. Karakana yetu inatengeneza vifaa vya kuvulia trauti, yule samaki wa mito ya baridi anayedanganywa kwa nzi bandia, na kila kifaa kabla hakijauzwa kinapita mikononi mwangu. Fimbo naikunja mpaka ilie. Mshipi naufunga kwenye mizani ya kuning'iniza, nauvuta mpaka ukatike, kisha natazama umekatikia wapi. Suruali za maji, zile za mpira zinazopanda hadi kifuani, nazitundika kwenye kulabu, nazijaza maji kwa bomba na kuzizunguka nikitafuta tone. Kazini wananiita Pilipili. Sijauliza kwa nini, na atakayejitia kunieleza atanitambua.

Siku Domo alipoingia na gunia lililolowa, nilijua lina nini kabla hajalitua. Domo ni mwongozaji wa wavuvi. Kazi yake ni kuwapeleka wageni mtoni na kuwaonyesha samaki walikojificha. Yeye na mdogo wangu walikuwa chanda na pete. Jina lake kalipata kihalali, akinyamaza ujue amelala. Lakini siku ile aliliweka gunia juu ya meza yangu, akavua kofia, akakaa kwenye kreti bila neno.

"Vitu vya Kijiti," akasema mwishowe. "Bosi anataka uvipime. Anataka kujua kipi kilimwangusha."

Kijiti ndiye mdogo wangu. Ndiye aliyekuwa. Tulikuwa tumemzika juzijuzi tu, na bado nilikuwa nikikosea, namtaja kana kwamba yuko chumba cha pili. Tulichoambiwa ni kwamba alikuwa anavuka mto mbele ya mgeni, akateleza, akapiga kichwa kwenye jiwe, maji yakamfunika. Domo ndiye aliyemtoa.

"Kwa nini nipime mimi? Humu ndani hakuna mtu mwingine?"

"Nani mwingine anavijua?"

Nilitaka kumtukana, ila alikuwa amesema kweli. Vitu vile tulivichagua nyumbani kwetu, mimi na Kijiti na Mama, kimoja kimoja. Nikamwambia Domo atoke nje. Nikafunga mlango kwa komeo.

Niwaambie tulivyovichagua, maana havikuwa vitu vya kuokota tu kwenye rafu. Kijiti alikuwa amepewa kuongoza wageni kwenye maji ya juu, ambako mto unakwenda mbio na trauti ni wakubwa na wajanja. Alikuja nyumbani furaha imemjaa. Mama akaondoa vyombo mezani, akatandaza magazeti, akasema, "Haya, leteni tuone." Mama yetu ndiye anayeifungia karakana nzi bandia, kwa manyoya na uzi na ndoano ndogo kuliko ukucha wa mtoto. Akimaliza nzi hamtazami kwa juu kama wanavyofanya wengine. Anamwacha aelee kwenye bakuli la kioo lenye maji, analiinua bakuli juu ya kichwa chake, anamtazama kwa chini. "Samaki hakai darini," husema. Nzi anayelala upande anafumuliwa palepale.

Siku ile alimchagulia Kijiti wa kahawia, wa kijivu, na mweusi mmoja mwenye mkia mfupi, na kila mmoja alipita kwanza kwenye bakuli. Mimi nilishughulika na fimbo. Kijiti alitaka fupi, nyepesi, eti inamkaa mkononi. Nikamtoa uani, nikaweka mfuniko wa sufuria kwenye majani, nikamwambia amtue nzi juu yake bila mfuniko kulia. Fimbo fupi ikaupiga ule mfuniko kama kengele ya shule. Nikampa ndefu, iliyo laini kwenye ncha. Mshipi ukajikunjua hewani taratibu, nzi akatua, hatukusikia kitu.

"Umeona?"

"Nimeona, dada. Lakini ile nyingine ndiyo nzuri."

"Nzuri kwa kupigia picha. Chukua hii."

Mabuti nayo tuliyagombania. Nilipaka sabuni jiwe la kufulia, nikalimwagia maji, nikamwambia apande. Kwa yale yenye nyayo za mpira mtupu alikwenda chini matako kwanza, na Mama akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Kwa yale yenye vichwa vya misumari alisimama, akaanza na kucheza kabisa, mikono juu, mbavu zake zile za kuhesabika zikionekana chini ya fulana. "Mtazame," Mama akasema. "Mtu mzima na akili zake." Alikuwa anamtazama kwa mapenzi hayo ambayo mimi, kusema kweli, nilikuwa nikiyaonea wivu tangu utotoni.

Ukabaki mkongojo. Huu ni wa chuma chepesi, wa kupimia kina na kuegemea unapovuka. Unafungwa kiunoni kwa kamba, ili mikono ikiwa na kazi uuachie tu na maji yasiuchukue. Na katikati ya kamba hiyo tunaweka kipande cha uzi mwembamba, makusudi. Mkongojo ukinasa kati ya mawe huku maji yanakusukuma, uzi ule unakatika, mkongojo unabaki, wewe unakwenda zako. Karakana nzima tunakiita kipande hicho msaliti, kwa kuwa katika vitu vyote tunavyotengeneza ndicho pekee kilichowekwa kimwachie mtu.

Mama hakumpenda msaliti. Msimu uliopita alikatika, Kijiti akapoteza mkongojo, akarudi nyumbani amelowa chapachapa, anachechemea, meno yanagongana. "Mtu gani mwenye akili zake anamfunga mwanawe kwa uzi wa kushonea vifungo?" akauliza. Nikamweleza. Nikamweleza tena kwa sauti ya juu, maana subira mimi sikugawiwa. Akasema, "Sawa, nimesikia." Nikadhani amesikia. Asubuhi Kijiti alipoondoka kwenda kuanza kazi mimi nilikuwa karakana, kwa hiyo sikuona alichofungwa kiunoni.

Basi nikafungua gunia. Nilianza na suruali kwa sababu ndiyo niliyoiogopa. Mishono yake yote niliipitisha mwenyewe. Nikaitundika, nikafungulia bomba. Miguu ikajaa polepole, ikanyooka, ikasimama mbele yangu na magoti yake, kama ina mtu ndani. Nikalia. Nililia mpaka maji yakafurika kifuani mwa suruali na kumwagika sakafuni, ndipo nikakumbuka kufunga bomba. Nikajifuta uso, nikaizunguka kutafuta tone. Hakuna hata moja.

Mabuti: misumari yote ipo. Mkanda: bizimu linabana vizuri. Fimbo ilikuwa imevunjika ncha, lakini ule ulikuwa mvunjiko wa kugonga jiwe, haukuwa wa udhaifu; hayo nayajua hata gizani. Nikauchukua mkongojo. Ulikuwa umepinda karibu na ncha, na pale kwenye mpindo umechubuka pande mbili, kama kitu kilichobanwa kwenye jiriwa. Na shingoni mwake, pale chini ya mpini, kulikuwa na kamba. Haikuwa kamba ya karakana.

Ilikuwa nyeusi, imesukwa. Imesukwa kwa ule mshipi wetu mgumu kuliko yote, uzi juu ya uzi, na kumalizwa kwa fundo dogo bapa ambalo anayelifunga ni mtu mmoja tu. Mama. Hakukuwa na msaliti mahali popote. Upande wa pili kamba ilikuwa imekatwa kwa kisu.

Nilijua palepale. Lakini mimi ni mtu wa kupima, siamini mpaka nivute. Nikaifunga kamba kwenye mizani, nikaegemeza mguu ukutani, nikavuta. Mshale ukazunguka mpaka ukafika mwisho wake. Nikavuta kwa uzito wangu wote na hasira zangu zote, naye marehemu nikamvuta, na Mama nikamvuta, na Mungu sikumwacha. Kulabu ya chuma ikanyooka, ikachomoka ukutani, nikaanguka chali. Kamba ilikuwa mkononi mwangu, nzima.

Domo alikuwa bado nje, ameketi kwenye ngazi. Nikamkamata ukosi.

"Kamba hii umekata wewe?"

"Nimekata mimi."

"Kwa hiyo hakupiga kichwa."

Akatikisa kichwa. "Mkongojo ulinasa kwenye mawe. Maji yanamsukuma mbele, kamba inamshika nyuma. Kila akitaka kuinuka maji yanamlaza. Mimi nilikuwa ng'ambo na mgeni wangu. Mpaka nimfikie... Hata kuikata, kisu kiligoma, Pilipili. Niliikereza."

"Na yeye hakuwa na kisu?"

"Kilikuwa mgongoni, kwenye mkoba."

"Na wewe siku zote hizo hukuona amefungwa nini? Macho umepewa ya urembo?"

"Nilimwambia!" akapiga kelele, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona Domo analia. "Siku ya kwanza kabisa nilimwambia, Kijiti, toa hiyo kitu, itakuua. Akaniambia, Mama kaisuka mwenyewe, kaifunga mwenyewe, nitamrudishiaje? Nikamwambia basi ikate hukuhuku, uweke uzi. Akasema Mama hukagua mafundo yake. Nikirudi nyumbani ataigeuza kuitazama."

Ni kweli, hukagua. Nyumbani kwetu hakuna anayeikataa kazi ya mikono ya Mama. Sweta alizotufumia tulizivaa hata zilipotubana makwapa, na tukienda kwa watu tulisema zinatukaa vizuri. Heshima, mapenzi na woga kidogo, vyote katika chungu kimoja, huwezi kusema kipi ni kipi. Kijiti aliivaa ile kamba kama tulivyovaa zile sweta, akijua, akacheka, akaingia mtoni.

"Usimwambie mtu," nikamwambia Domo. "Mama nitamwambia mimi mwenyewe."

Bosi nilimwambia hakuna kifaa chetu kilichomwangusha, hakuna kilichopasuka wala kilichokatika kwa udhaifu. Akashusha pumzi. Wala sikumdanganya neno.

Nikaenda nyumbani nimepiga moyo konde. Sasa lazima niseme hali ya Mama. Tangu mazishi alikuwa hali chochote. Alilala ameelekea ukuta, chai inapoa, chakula kinaganda kwenye sahani, ukimwita anaitika "abee" kwa sauti ya mtu aliye mbali. Majirani walikuja na maneno yao ya kupoza, mimi nikawatolea macho mpaka wakaaga. Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba nitazika wa pili.

Siku hiyo nikamkuta ameketi mezani, miwani puani, anasuka. Kando yake kulikuwa na sahani, na sahani ilikuwa tupu.

"Nimekula," akasema, kama anayejitetea. "Nimepata kazi ya kufanya. Nawasukia wenzake kamba. Kichwa kikipiga jiwe hakuna kamba itakayomsaidia mtu, hilo nalijua. Lakini mkongojo wake angalau haukumtoroka, nimesikia walimkuta nao. Hao wengine bado wanaingia mtoni na ule uzi wenu wa vifungo. Nao wana mama zao."

Nilifungua mdomo. Nikaiona ile sahani. Nikafunga mdomo, nikaichukua kwenda kuiosha.

Hebu niambieni ninyi mngefanyaje. Kila jioni nilirudi na maneno yamenijaa mdomoni, na kila jioni nilimkuta anasuka, amechana nywele, amefungua madirisha. Siku moja akaniuliza bei ya sukari. Siku nyingine akanigombeza kwa kukanyaga na viatu vichafu, na mimi nikaenda kusimama nyuma ya mlango wa jikoni nikashukuru. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikimrudisha. Nikisema, namuua. Nisiposema, kuna mwana wa mtu ataingia majini amefungwa kifo kiunoni. Na kamba zilikuwa zikiongezeka mezani, nyeusi, zinang'aa, kila moja na fundo lake bapa, kazi safi ambayo mimi mwenyewe kazini ningeipitisha kwa mikono miwili.

Nikajidanganya kwamba hazijatoka nyumbani. Nikamwambia, "Mama, ukimaliza nipe mimi niwapelekee." Nia yangu ilikuwa kuzipitisha karakana, nitie msaliti kwenye kila moja, nifunge juu yake ili asijue. Akanitazama juu ya miwani.

"Sawa," akasema, "nimesikia."

Haukupita muda bosi akanituma mtoni kujaribu mshipi mpya. Mizani haikuambii kila kitu. Mshipi lazima uone maji, ujulikane unaelea vipi na unaletaje habari ya samaki mpaka kidoleni. Nilikwenda asubuhi ya ukungu, baridi ya kukata masikio. Nilikuwa sijarusha mara nyingi. Trauti mmoja mdogo alipanda, akamchungulia nzi wangu, akamdharau. Nilipoinua kichwa nikamwona Domo juu kidogo, anaingia mtoni, mgeni wake nyuma amemshika bega. Maji yalimfika mapajani. Mkongojo aliuachia ukaelea nyuma yake, na kutoka kwenye mkongojo mpaka kiunoni kwake ulikuwepo mstari mweusi.

Nikaitupa fimbo ya watu na mshipi wake mpya juu ya mawe. "Domo! Wee Domo! Rudi!" Mto ukanimeza sauti. Nikakimbia ukingoni nikipunga mikono, nikiporomosha matusi yote niliyojaliwa, mpaka mgeni akaniona akamgusa. Domo akageuka. Hapo hapo mkongojo ukagonga jiwe, ukazama, ukasimama. Nikaiona kamba ikikazika. Nikamwona akivutwa kiunoni, akiyumba, mgeni akimng'ang'ania. Akainama akaushika kwa mkono, akautikisa huku na huku, na nikasikia mtu anapiga mayowe, kumbe ni mimi. Ukatoka. Akarudi ukingoni anahema.

Nikamzaba kibao. Mgeni akasogea pembeni, akajifanya anatazama samaki.

"Umevaa nini? Wewe! Wewe uliyeikereza kamba ya mwenzio kwa kisu, umevaa nini?"

"Alikuja jana kituoni kwetu," Domo akasema, mkono shavuni. "Kwa miguu, na kikapu. Akatupanga mstari, akatufunga mmoja mmoja kiunoni, anakagua mafundo. Alikuwa anatabasamu, Pilipili. Ningesema nini?"

"Ungesema hapana!"

"Wewe umesema?"

Nikachomoa kisu, nikaikata ile kamba kiunoni mwake. Iligoma. Ilibidi nisugue na kusugua mpaka vidole vikafa ganzi, na yeye amesimama, ameinua mikono kama mtoto anayevuliwa nguo.

"Na wengine?"

"Leo wamepumzika. Kesho wote wanapanda maji ya juu."

Ningeweza kuwazungukia mimi. Nililiwaza hilo njia nzima. Lakini wangezikata leo, na kesho Mama angewafunga nyingine, nao wangepokea na kushukuru.

Nilimkuta mezani, anaanza mpya. Nikaweka mbele yake vipande viwili.

"Nani kakata kazi yangu?"

"Hiki nimekata mimi. Na hiki alikata Domo, chini ya maji, akimtoa Kijiti."

Alikichukua kile cha Kijiti. Akakigeuza, akatazama fundo, akalipitishia kidole gumba.

"Kamba yangu haikatiki," akasema.

"Ndiyo, Mama. Haikukatika."

Kidole kikasimama juu ya fundo. Nikaendelea, maana nilijua nikisita sitarudia tena: mkongojo ulinasa, maji yalimsukuma, kamba ikamshikilia, kichwa hakikupiga popote. Nilisema kwa sauti ndogo ambayo hata mimi sikujua kama ninayo. Mama hakulia. Alivua miwani, akaiweka juu ya magazeti, akabaki anatazama mikono yake.

"Yeye alijua?"

Hapo ningeweza kudanganya. Naapa nilitaka.

"Alijua. Domo alimwambia."

"Mbona hakuitoa?"

"Alijua utakagua. Hakutaka uumie. Alikuonea huruma, Mama."

"Huruma," akasema. "Na wewe umejua lini?"

"Tangu vitu vyake viliporudi."

"Siku zote hizi unaniona nasuka. Unaniletea chai, nasuka."

"Ulikuwa umeanza kula."

Akanitazama. Sijapata kutazamwa vile na mtu yeyote, na sitaki tena. Akasimama kwa kushika meza, na nilipomrukia kumsaidia akausukuma mkono wangu. Akajitanda, akatia kikapu kwenye kiwiko, akavaa viatu vyake vya kutokea.

"Nionyeshe wanakokaa."

"Mama, niache niende mimi. Niache niseme mimi."

"Wewe nafasi yako ulikuwa nayo."

Tukatoka, yeye mbele, mimi nyuma. Waongozaji wengi wamepanga vyumba nyuma ya gereji moja, mstari mrefu wa milango inayotazama ukuta, matope katikati, suruali za maji zimeanikwa kichwa chini kwenye waya. Mama aliruka madimbwi bila kutaka kushikwa. Watu waliosimama gereji wakamwamkia, hakuitikia hata mmoja, yeye ambaye hajawahi kupita mtu bila salamu. Akagonga mlango wa kwanza.

Akatoka mwongozaji mmoja mkubwa mkubwa, mwenye fulana, povu la kunyolea limejaa shavu moja. Kumwona Mama akajipangusa haraka kwa kiganja.

"Shikamoo, Mama. Karibu, karibu ndani."

"Siingii. Ile kamba niliyokufunga jana, nirudishie. Ndiyo iliyomshika mwanangu chini ya maji mpaka akafa. Nimeisuka mimi."

Yule bwana alinitazama mimi, kisha akatazama vidole vya miguu yake. Hakushangaa. Hapo nikaelewa kwamba hata yeye jana, alipokuwa akifungwa, alikuwa anajua kinachokosekana kwenye kamba ile, na wenzake wote kwenye mstari walijua.

"Usiseme hivyo, Mama," akasema kwa upole. "Kamba ni nzuri kabisa. Ile ni ajali, ni mipango ya Mungu. Mimi nitaivaa tu, kwa ajili yako."

Mama akashusha kikapu mkononi, akakifungua, akamsogezea.

"Usinionee huruma," akasema. "Lete kamba."